Gitaa la mkato: shika kisigino kabla hujatoa hela

Mwaka jana nililipa laki nne na nusu kwa gitaa jeusi, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi, na mkato wa bega, yaani lile bega la chini karibu na shingo limekatwa ili mkono ufike juu, ulioingia ndani kiasi kwamba ukilitazama tu unasema mwenye hili anapiga solo. Nililinunua hapa hapa Arusha mjini, duka silitaji. Jumapili ya mavuno mwimbishaji akapandisha sauti bila taarifa, kama kawaida yake. Nikafunga kapo, kile kibano kinachobana nyuzi zote kupandisha sauti, freti ya 5 (freti ni vile vyuma vilivyokatisha shingo), tukaingia kwenye sebene, kidole cha pete kikaifuata freti ya 17, mkono mzima ukagota. Na haukugota begani, bega si limekatwa? Uligota nyuma, kwenye ule uvimbe wa mbao unaoshikanisha shingo na mwili. Nikapiga noti ya jirani. Mpiga besi wetu tangu siku ile ananiita Dada Kumi na Sita.

Ule uvimbe ndio kisigino. Nimeulizwa mara nyingi na wasomaji gitaa gani lina mkato mzuri, sijaulizwa hata mara moja kisigino chake kikoje. Basi leo sizungumzii aina za mbao, wala rangi, wala kama sauti ni tamu. Hayo mtaambiwa na kila mtu.

Kwanza, je, unauhitaji huo mkato? Magitaa mengi ya nyuzi za chuma shingo inakutana na mwili freti ya 14. Zamani wengi waliishia ya 12, hadi mwaka 1929 kampuni ya Martin ya Marekani ilipomtengenezea gitaa mpiga banjo Perry Bechtel, aliyetaka shingo yenye nafasi zaidi. Yale ya nyuzi za nailoni hadi leo kwa kawaida ni ya 12. Oktava, ile noti ile ile ya uzi mtupu ikirudi juu zaidi, iko freti ya 12, kwa hiyo mtu wa kodi tupu (chords, si za TRA) anaweza kuzeeka bila kuvuka hapo. Ila kapo inageuza hesabu. Ukiifunga freti ya 5, oktava yako imehamia ya 17, na ya 17 imekaa juu ya tumbo la gitaa. Sisi wa kwaya na praise tunaishi na kapo. Kama wewe hutumii kapo na hupigi solo, nunua Yamaha F310 isiyo na mkato, hela inayobaki nunua nyuzi seti tatu, na makala hii iishie hapo kwako.

Mkato wenyewe una sura mbili: wa mviringo, na wa ncha kali kama pembe. Wa ncha kwa kawaida unaundwa kwa vipande viwili vya ubavu vinavyokutana pale kwenye ncha, kazi yake ni kubwa zaidi, na unapendeza kwenye picha. Mkononi sijaona tofauti ya kulipia.

Sasa kisigino. Kaa, weka gitaa pajani, usilijaribu ukiwa umesimama umelikumbatia kama mtoto wa jirani. Dole gumba nyuma ya shingo, kidole cha shahada freti ya 12 kwenye uzi mwembamba, kisha telezesha kuelekea 17 bila kukazana. Lisikilize dole gumba lako. Kwenye gitaa zuri linapanda taratibu ubavuni mwa kisigino na kupata mahali pa kuegemea. Kwenye lile langu jeusi lilisimama freti ya 13, kifundo cha mkono kikapinda, na kiganja kikakutana na kifungo cha mkanda ambacho fundi wa kiwandani aliamua kukikaza hapo hapo. Rudia kwenye uzi mnene. Hapo ndipo wengi wanapokufa.

Jambo la pili, toa kadi za benki. Kadi moja ina unene wa robo tatu ya milimita hivi. Kadi tatu zikipita chini ya uzi mnene pale juu ya freti ya 12, zikigusa kidogo, upo salama. Zikipita tano huku zinacheza, nyuzi zimekaa juu mno. Utafika freti ya 17 kweli, lakini kuubonyeza uzi itakuwa kama kubonyeza kengele ya shule. Mkato hausaidii hapo. Halafu piga freti moja moja kuanzia 14 mpaka ya mwisho. Ikikwaruza yote kuanzia 15, shingo na mwili havijakaa sawa, na hilo si la kurekebishwa kwa tupa ya fundi wa mtaani.

Sasa niyapange magitaa ya mkato, kuanzia ninaloliona bora. Na niseme mapema: mimi ni mtu wa Yamaha, hawanilipi hata senti.

Namba moja ni Yamaha APX600. Mwili wake ni mwembamba, milimita 80 hadi 90 tu, na faida ya wembamba huo hawaitaji madukani: mkono hauzunguki kitu kinene kuifikia juu. Urefu wa uzi ni milimita 634, freti zimesogeleana kidogo, mtu wa vidole vifupi kama mimi anapumua. Nililiazima kwa rafiki wa Moshi wiki mbili, nikalirudisha kwa shingo upande. Bila spika ni gitaa la aibu kidogo, sauti yake ndogo, usilipeleke kwenye fellowship ya uani ukategemea lisikike mbele ya mama zetu wakianza pambio. Ila likichomekwa kwenye mikisa halina neno.

La pili ni Yamaha tena, mnisamehe, FSX800C. Mwili mdogo wa kiasi, ubao wa juu ni spruce halisi na si plaiwudi, uzi milimita 634 vilevile. Hili lina sauti hata umeme ukikatika, na sisi tunajua unakatika. Ningekuwa na gitaa moja tu maishani ningechukua hili, kisha ningekaa naliwaza lile la kwanza.

La tatu ni Fender CD-60SCE. Kingo za shingo zimelainishwa, hazikwaruzi kiganja, na mkato wake ni wa mviringo. Tatizo ni tumbo, ni la dreadnought, kubwa. Mwanaume wa mikono mirefu atalipenda kuliko yote mawili ya juu. Ibanez za AEG zinafuata, nazo ni nyembamba, lakini nimezishika mbili tu, sina mengi.

Taylor za herufi ce mtazitafuta wenyewe siku mkiuza kiwanja.

Na hizo herufi mzisome. C mwishoni mwa jina, kwa makampuni haya, ni mkato, ingawa APX na AEG zinao bila hiyo C. E ni umeme. Kuna kijana alinionyesha FG800 akaapa ina mkato "wa ndani". Wa ndani!

Za laki moja na nusu zisizo na jina: fanya jaribio la kadi. Zikifaulu, chukua.

Bei siwaandikii kwa sababu sina bei ya kuandika. Gitaa lile lile, asubuhi laki nane, jioni laki saba na nusu, ukitaka risiti ya EFD linapanda tena. Eti limepita Namanga, mafuta yamepanda. Mkato peke yake wauzaji wanauongezea elfu themanini, kama vile kukata kipande cha gitaa ni kukuongezea kitu. Wanalitundika mlangoni jua la Januari linalipiga mchana kutwa, shingo inapinda, kisha wanakukataza kulishusha. "Dada, unamnunulia mtoto au shemeji?" Nikisema nalinunua mwenyewe, muuzaji ananipigia yeye kodi ya G, freti ya tatu, ananirudishia kwa tabasamu kana kwamba amemaliza majaribio yote. Freti ya 17 hajawahi kuitembelea. Na chini ya risiti kuna muhuri: mali ikishauzwa hairudishwi.

Nilirudi na lile langu baada ya wiki moja. Nikamwonyesha kisigino. Akalishika, akaligeuza, akasema, "Lakini mkato si upo, dada?"

Bado liko sebuleni. Nimelitangaza kwenye magrupu matatu, na kila anayepiga simu swali lake la kwanza ni kama lina mkato. Namwambia linao.