Uzoefu wangu: kutafuta spea za breki za Land Rover 109 hapa Dar

Gari ni Land Rover Series III, ile ndefu ya 109, ametuachia marehemu mzee na mimi siiuzi hata mtu aje na gunia la hela. Mwezi uliopita natoka Magomeni nashuka Jangwani, nakanyaga breki pedeli ikazama mpaka chini, nikapampu mara mbili tatu ndo ikashika, daladala ya mbele imebaki hatua chache tu. Kesho yake fundi akafungua tairi la mbele kulia, wili silinda (kile kisilinda cha mafuta kwenye tairi kinachosukuma breki) inavuja, lainingi, yale mapande ya kusugua, zimelowa chapachapa.

Nikaenda Kariakoo. Duka la kwanza nikaomba breki shuu (vile vyuma vilivyopinda vinavyobeba lainingi) na wili silinda za Land Rover ya zamani, kijana hakuuliza swali hata moja, akatoa boksi akasema hizi zinaingia zote. Kufika gereji shuu zinaelea ndani ya dramu, ile ngoma ya chuma inayozunguka na tairi! Ni za 88, ile fupi yenye dramu za inchi 10, wakati 109 ni inchi 11. Halafu 109 kila tairi la mbele lina silinda mbili na za kulia sio za kushoto, yeye kanipa moja moja. Kurudisha wakakataa, eti boksi limeshafunguliwa. Iliniuma sana.

Duka la pili silinda kwa macho ilikuwa yenyewe kabisa, matundu ya bolti sawa, kila kitu sawa. Shida ikawa kwenye nati ya bomba. Gari yangu nati ni za inchi, 3/8, na ile silinda ilitobolewa milimita 10, tofauti haifiki hata nusu milimita lakini nati inaingia kwa vidole mpaka mwisho na ukiitikisa inacheza. Fundi akataka kuizungushia ile tepu nyeupe ya mabomba ya maji akaze hivyo hivyo, nikamwambia kaka hapana, hii ni breki, nabeba watoto humu.

Ndo nikaelekezwa kwa mzee mmoja Shauri Moyo, Ilala, kiduka hakina hata bango. Shikamoo mzee. Marahaba, ya zamani umekuja nayo? Nikasema iko gereji. "Kailete kwanza, mimi siuzi breki kwa jina." Nikapanda bodaboda nikaifuata pamoja na kipande cha bomba. Akaipima pistoni kwa venia, kile kipimo cha fundi cha kubana, akachukua nati yangu akaizungusha taratibu kwenye silinda aliyonayo, kisha akanipa nizungushe mwenyewe nisikie inavyoshika. Alikuwa nazo mbili, nyingine mbili nikasubiri siku mbili, akakataa kuniuzia za upande mmoja sababu gari itavuta, na akanisisitiza nisikubali mtu aweke oili ya injini kwenye breki maana raba zinavimba.

Bei ni juu kuliko Kariakoo, kama elfu kumi zaidi kwa kila silinda, na springi za shuu hakuwa nazo nikarudishia za zamani. Ila jumla bado nimetumia kidogo kuliko nilizotupa maduka mawili ya mwanzo. Tumetoa upepo kwenye breki za matairi yote manne, pedeli sasa iko juu na ngumu, jana nimeshuka tena Jangwani gari ikasimama imenyooka.

Mkienda kwake nendeni asubuhi, mchana anafunga kwenda kuswali na kula, na bebeni silinda, nati na bomba lake.