Chilling Adventures of Sabrina: nimeisoma kwenye simu, kisha kwenye karatasi

Mara ya kwanza niliisoma katuni hii ya kutisha kwenye simu, kisanduku kimoja kimoja, yaani picha moja moja badala ya ukurasa mzima, maana programu niliyonunulia ilikuwa imejipanga hivyo. Toleo la kwanza lilikwisha nikiwa sijaogopa hata kidogo. Baadaye dada yangu akaniazima kitabu cha karatasi, The Crucible, chenye matoleo matano ya mwanzo. Nilikianza usiku, nikakifunga katikati, nikakimalizia mchana kweupe.

Hadithi ni ya Roberto Aguirre-Sacasa, ilianza kutoka mwaka 2014. Sabrina Spellman, baba mchawi na mama binadamu wa kawaida, analelewa na shangazi zake Hilda na Zelda mjini Greendale, miaka ya 1960. Akitimiza miaka 16 lazima achague kati ya uchawi na maisha ya kawaida pamoja na Harvey, mvulana anayempenda. Lakini kilichonishika mimi ni mkono wa mchoraji, Robert Hack.

Rangi anapaka mwenyewe, na karibu kitabu kizima ni kahawia, chungwa na manjano iliyochujuka, mfano wa picha ya ukutani iliyopigwa na jua miaka mingi. Ukishazoea uchakavu huo, tone dogo la wekundu linakugutusha kuliko damu ya ndoo nzima katika katuni nyingine. Halafu kuna mistari. Sabrina alipoonekana mara ya kwanza mwaka 1962, katika hadithi ya vichekesho ya George Gladir, Dan DeCarlo alimchora kwa mistari laini, safi, ya kuchekesha. Hack amemchukua msichana yuleyule mwenye nywele nyeupe akamchora kwa wino wa kukwaruza, nusu ya uso ikizama gizani. Hajafungua mdomo, na tayari una wasiwasi naye.

Madam Satan ndiye aliyeninyima usingizi. Huyu ni mwanamke aliyerudi kutoka kuzimu, na mahali pa mboni za macho yake pamechorwa mafuvu. Ukipita haraka huyaoni. Nilipoyaona, nilirudi kurasa kadhaa nyuma kumkagua upya, na tangu hapo kila anapotokea natazama macho kwanza. Hakuna maneno yaliyoniambia nifanye hivyo.

Hapo ndipo nilipoelewa simu iliniibia nini. Katika katuni, ukubwa wa kisanduku ndio mwendo wa saa: vidogo vikifuatana vinakubana pumzi, kikubwa kinakusimamisha. Programu ilivikuza vyote vikalingana na kioo cha simu, basi mwendo ukapotea. Na lile la kufunua ukurasa! Kwenye karatasi kitisho kinaweza kukungoja upande wa pili, na mkono wako mwenyewe ndio unaokifungulia mlango. Kidole kinachotelezesha picha mia kwa namna moja hakiwezi kusita.

Kasoro ninayoiona ni wingi wa maneno. Mwandishi ametokea kwenye tamthilia za jukwaani, na wahusika wake wanapenda kuongea. Kuna kurasa ambazo maelezo yamebanana juu ya michoro iliyokwisha kusema jambo lilelile, nikatamani angemwachia Hack. Na tafadhali, usimnunulie mtoto kwa sababu anamjua Sabrina wa vichekesho. Humu kuna damu, maiti na ibada za shetani, na vimechorwa bila kufichwa.

Nampa Hack nyota tano, kitabu kizima nyota nne. Kama huna njia ila simu, zima ile hali ya kisanduku kimoja kimoja. Tazama ukurasa wote ulivyopangwa, uone giza limekaa wapi na nani anamtazama nani, ndipo uukuze usome maneno.