Bruda ya "vifaranga wa aina zote"? Bata wangu wamenionyesha ukweli

Si kawaida yangu kulalamikia kitu nilichonunua, ila bruda hii, yaani kisanduku cha joto cha kulelea vifaranga, imenitoa machozi na siwezi kunyamaza.

Niliinunua mwezi uliopita hivi, mayai yakiwa yamekaribia kutotolewa. Nikapata vifaranga wanane wa bata, wa mashine, hawana mama. Tangazo lilisema inafaa "vifaranga wa aina zote". Hayo maneno ndiyo yaliyoniponza.

Sakafu yake ni plastiki tupu, inateleza kama sahani yenye sabuni. Kinyweshi kilichokuja nayo ni kile cha vifaranga wa kuku, kina chake hakizidi ukucha. Sasa bata akila lazima azamishe mdomo mpaka matundu ya pua, asafishe chakula kilichoganda, la sivyo pua zinaziba. Hawa wangu wakawa wanapiga midomo humo, wanamwaga, maji yanasambaa, na sakafu nzima haina hata tundu moja la kuyatoa. Asubuhi ya pili nikakuta maranda yamekuwa uji, wote wamelowa matumbo, wamejibana chini ya taa. Mmoja mguu umetanuka pembeni, anajiburuza kwa kifua huku analia. Kile kilio bado ninacho masikioni.

Nikampigia muuzaji, nikamweleza taratibu. Akacheka. "Mama, bata na maji tena? Si ndiyo starehe yao?" Akakata simu.

Nilitetemeka kwa hasira. Kifaranga anayelelewa na mama yake hupata mafuta kutoka kwenye manyoya ya mama, maji yanateleza juu yake. Wa mashine hana kinga hiyo. Akilowa baridi inamwingia, hata inaweza kumuua. Mtu anauza bruda na hilo halijui? Au analijua, na bado anacheka?

Sitaki kumwonea. Kwenye joto sina la kulaumu. Nilianza na nyuzi 32, ikakaa hapohapo usiku kucha, na kila wiki nilipopunguza kama nyuzi 3 ilitii. Wakiwa wakavu walilala wametawanyika, kimya, bila kurundikana.

Mengine yote nimeyarekebisha mwenyewe. Nimetandika mpira wenye mikwaruzo chini ya maranda. Kinyweshi nimekitupa, nikaweka bakuli zito lenye mawe ndani wasije wakazama, juu ya wavu, chini yake karai la kukinga maji. Yule wa mguu nilimfunga miguu yote miwili kwa bandeji laini, nikiacha nafasi ya kawaida katikati, siku kadhaa mpaka akasimama.

Nilikuwa nimeshaandika hapa kwamba kwa wenye kuku inafaa, wainunue tu. Ila leo nimekifungua kijitabu chake. Kinaelekeza bata wapewe chakula cha kuanzia cha kuku, basi, hakuna neno hata moja kuhusu niasini, ile vitamini B3, ambayo bata wanaihitaji kwa wingi kuliko kuku na wakiikosa miguu inapinda. Miguu tena! Hapana, ile sentensi nimeifuta. Siwezi kumpelekea mtu huyu mteja mwingine, hata awe wa kuku.

Wote wanane wako hai. Yule mmoja bado anachechemea, na wenzake wakikimbilia bakuli yeye hufika wa mwisho, kwa hiyo nimemwekea lake pembeni.