LSD ya mtumba kwenye Hilux yangu: nimeipitisha masika, haya ndiyo niliyoyaona

Kwa wanaoniuliza gulioni Lukozi, huku Lushoto, mbona siku hizi Hilux yangu inapanda bila kusukumwa: nilibadilisha kichwa cha difu ya nyuma, yaani lile furushi la gia katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Nilitoa ile ya kawaida iliyokuja na gari, nikaweka LSD (limited-slip differential, difu inayobana gurudumu lisizunguke bure peke yake) ya mtumba kutoka Japani. Masika imeshapita juu yake, kwa hiyo naweza kuisema kwa mazuri na mabaya yake.

Gari ni LN106, injini 3L, foo-wili, ekseli nzima mbele na nyuma. Napakia viazi na kabichi kutoka shambani kwangu, chini ya Sunga. Watu hudhani ukishakuwa na foo-wili umemaliza. Kijia changu kinakatwa na mtaro wa maji kwa mshazari, na gari likiuvuka, gurudumu la mbele kulia na la nyuma kushoto hupungukiwa uzito kwa wakati mmoja. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa sawa, na lisilo na pa kushika ndilo linaloamua. Likishazunguka bure kwenye utelezi, lenzake lililosimama pakavu nalo halipati zaidi ya hicho kidogo. Kwa hiyo foo-wili yangu ilikuwa na magurudumu mawili yanayochimba na mawili yanayotazama. Aprili ya mwaka jana vijana wa jirani walinisukuma mara nne ndani ya wiki moja, na kila mara ni hela ya soda na hela ya sabuni.

Nilianza kwa kuulizia difu ya kufunga kwa upepo, ARB ya Australia. Ile ukibonyeza swichi magurudumu mawili ya nyuma yanakuwa kitu kimoja, hakuna mjadala. Lakini inataka pampu yake, mipira yake na nyaya zake, na nilipotajiwa bei nikashukuru na kukata simu kwa adabu. LSD haifungi kabisa. Ndani ina pleti kama za klachi. Gurudumu moja likitaka kukimbia peke yake, pleti zinalizuia, na sehemu ya nguvu inakwenda kwa lile lililoshika ardhi.

Fundi wangu alinipa masharti matatu kabla sijapanda basi kwenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam: kichwa kiwe cha inchi 8, kipokee hafushafti (vyuma vinavyotoka kwenye difu kuzungusha magurudumu) za meno 30, na reshio, yaani propela izunguke mara ngapi ili gurudumu lizunguke mara moja, iwe sawasawa na ya difu ya mbele. Hilo la tatu ndilo linaloua magari. Mbele na nyuma zikitofautiana, siku unayoingiza foo-wili ekseli mbili zinapigana zenyewe kwa zenyewe, na cha kuvunjika hakikosekani.

Duka la kwanza kijana akaniambia, "Mama, hii inaingia Hilux zote." Nikatoa chaki. (Nimestaafu ualimu, lakini chaki haijastaafu kwenye mkoba wangu.) Nikaweka alama kwenye flenji ya propela, nyingine kwenye kraun (gia kubwa ya difu), nikamwomba azungushe polepole huku nahesabu. Kraun ilipomaliza mzunguko mmoja, flenji ilikuwa imezunguka mara nne na kidogo. Hiyo ni meno 41 ya kraun kwa 10 ya pinia, gia ndogo inayoizungusha. Yangu ni 41 kwa 9, lazima itoe mara nne na nusu na ushei. Kijana hakuwa mwongo, kuingia ingeingia, na nati zote 10 zingekaa. Ningekuja kujua siku ya matope.

Duka la tatu hesabu ikakubali. Kubaki ikawa kujua kama pleti bado zina uhai, maana LSD iliyokwisha pleti haina tofauti na ile niliyotaka kuitoa. Walikaza kraun kwa kipande cha mti isizunguke, wakachomeka hafushafti kuukuu upande mmoja, nikaambiwa nijaribu. Ya kawaida ungeizungusha kwa mkono. Hii ilinigomea. Tukaongeza bomba, ndipo ikasogea kwa kusitasita. Tulianzia laki tisa na nusu, tukaelewana laki saba na themanini. Ikasafiri kwenye buti la basi ndani ya kiroba, konda akanitoza kama nimebeba mtoto.

Kufunga ni kazi ya siku moja. Uzuri wa kununua kichwa kizima ni kwamba kraun na pinia zinakuja zimeshapimwa pamoja, fundi hagusi mpangilio wake. Anavua ngoma, anafungua mabomba ya breki, anavuta hafushafti, anatoa kichwa. Ni chuma kizito. Cha zamani kilitua kifuani kwa fundi juu ya gunia alilolitandika akijua kitakachotokea. Tuliweka gasketi mpya na sili mpya mbili za kuzuia oili isivuje kwenye hafushafti. Ufundi ulikuwa 120,000, pamoja na kutoa upepo kwenye breki.

Kosa tulilifanya kwenye oili. Fundi alijaza aliyokuwa nayo, GL-5 ya kawaida. Kesho yake nikashuka Soni kwenda Mombo, na kwenye zile kona za kujikunja nyuma pakaanza kunguruma na kutetemeka, kama naburuta kitanda cha chuma. Moyoni nikasema nimeuziwa kopo. Nikampigia.

"Mwalimu, inanguruma kwenye kona tu, au hata barabara iliyonyooka?"

"Kona tu."

"Basi ni mimi. Hiyo inataka oili yake."

Pleti hizo zinahitaji oili yenye dawa ya kuzifanya ziteleze kwa ulaini, na kopo lake limeandikwa LSD. Tukamwaga yote, lita mbili na ushei ikiwa mpya kabisa, tukajaza inayotakiwa. Akaniagiza nikaandike nane, ili oili ipenye katikati ya pleti. Jumamosi nikaenda uwanja wa mpira wa shule niliyokuwa nafundisha, nikaandika nane kubwakubwa kwa gia ya kwanza. Watoto wakakaa pembeni wakahesabu kwa sauti. Kwenye nane ya saba mngurumo ulipungua, ya 12 ukaisha. Nilisikia mmoja akimuuliza mwenzake kama Mwalimu amesahau njia ya kwao.

Sasa masika. Mara ya kwanza kuvuka ule mtaro nilikuwa na magunia manane ya viazi. La kushoto nyuma likaanza kuzunguka bure kama kawaida yake, nikajiandaa kuita vijana. Halikumaliza hata mzunguko, la kulia likashika, gari likasogea kama limesukumwa mgongoni. Msimu mzima nimekwama mara moja tu, ukingo ulipomeguka na gurudumu likaning'inia hewani kabisa. Hapo LSD inaishiwa maneno, maana gurudumu lililo hewani halina ukinzani wa kuzipa pleti kazi. Nilivuta hendibreki meno mawili matatu, nikakanyaga mafuta taratibu. Mara ya pili likatoka.

Ubaya wake ni mkia. Gari likiwa tupu kwenye barabara iliyoinama upande wa bonde, ukikanyaga kwa pupa magurudumu yote mawili ya nyuma yanateleza pamoja, na nyuma inaanza kushuka bondeni. Zamani moja lilizunguka bure na jingine likashikilia mkia. Hili lilinitokea asubuhi moja baada ya Rangwi, na tangu siku hiyo nikirudi mtupu nabeba viroba viwili vya mchanga. Mpwa wangu simpi tena funguo siku za mvua.

Tairi za nyuma nazo zilingane. Nilikuwa na moja mpya na moja kipara, fundi akakataa: zikitofautiana ukubwa, pleti zinasagana muda wote hata kwenye lami. Nikanunua ya pili. Na kama zako zote ni vipara, anza na tairi, hela ya difu iweke.

Nne kwa tano. Nimepunguza moja kwa ajili ya mkia, na kwa sababu sili ya kushoto imeshaanza kutoa jasho. Fundi anasema hafushafti yangu ya zamani ina mfereji pale sili inapokaa. Jumatatu tunaivua tena.