Unga wa madini kwa majogoo msimu wa joto: uzoefu wangu

Nafuga kuku chotara hapa Mlandizi na nauza vifaranga wa siku moja. Wenzangu wa Pwani mnajua Januari na Februari zinavyotuumbua. Unaweka mayai kwenye mashine ya kuangulia, siku ya 7 unayapima kwa tochi, mengi meupe, hayana mshipa hata mmoja. Muuza dawa za mifugo akanipa unga wa kuchanganya kwenye maji, una zinki, seleni na vitamini E. "Hii ndiyo dawa ya majogoo," akasema, "siku tatu tu utaona." Nimeutumia msimu mzima wa joto uliopita.

Hizo siku tatu ni maneno ya dukani. Mbegu ya jogoo huchukua karibu wiki mbili kutengenezwa, na tetea naye huhifadhi mbegu alizopokea kwa wiki mbili au zaidi. Yai la leo linaleta habari za nyuma. Ndiyo maana kwangu mayai meupe hayakupungua mpaka nilipokuwa nimeshaanza kukata tamaa.

Nilikuwa na mabanda mawili, jogoo mmoja kwa mitetea 10 kila banda, unga nikawapa wa banda moja tu. Hao walifanya vizuri zaidi, nakiri, lakini si kwa kiasi cha kumpigia mtu simu usiku. Kilichobadilisha mambo kwa mabanda yote ni makuti niliyotandika juu ya bati, na maji ya kunywa kubadilishwa saa sita mchana. Jogoo anayehema mdomo wazi na mabawa kayaachia hapandi, hata ukimlisha madini ya dunia nzima. Joto likizidi, mbegu zenyewe huharibika, na hapo ndipo seleni na vitamini E zina kazi ya kuzikinga. Lakini kinga haitoshi kama bati linawachoma tangu saa nne asubuhi.

Kasoro za unga wenyewe: unazama chini ya chombo, usipokoroga mara kwa mara wa mwisho kunywa ndiye anayepata wote. Pakiti ni kubwa mno kwa mfugaji mdogo, na kwa unyevu wetu huu ukishafunguliwa unagandamana. Siku hizi nauchanganya kwenye chakula cha asubuhi, kidogo kidogo, nao hawaubagui.

Soma lebo kabla ya kununua. Kama chakula chako kina premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini), yaelekea seleni imo tayari, na seleni ikizidi ni sumu. Muulize bwana mifugo wako, usimuulize anayetaka kuuza.

Halafu msimsingizie jogoo kila kitu. Yai jeupe ni lake (au la tetea aliyekataa kupandwa), lakini ukiona duara la damu, mbegu ilishika na kiinitete kikafa. Mara nyingi hiyo ni kuhifadhi vibaya: chumba chenye nyuzi 30, yai linaanza kukua kabla halijaingia mashineni. Mimi nayaweka sehemu ya baridi kuliko zote nyumbani, na hayapitishi wiki.

Nitaununua tena, ila tukigawana pakiti na jirani, na tutaanza katikati ya Novemba, kabla joto halijakolea.