Nimeuza laptopu kwa mnada wa mtandaoni nikiwa Unguja: bei safi, ila "nchi nzima" yao ni Bara tu

Kwa bei, mnada huu umeyashinda maduka yote ya mjini nilouliza, hilo naliweka mbele mana najua ndo wengi mnalotaka kulijua. Laptopu yangu ni HP EliteBook 840 G5, prosesa i5 ya kizazi cha 8, RAM GB 8, SSD GB 256. Darajani na Mlandege bei ya juu nilopewa ilikuwa laki mbili na themanini, na kuna mmoja alonambia laki mbili na nusu hata hajaiwasha, kautazama tu mfuniko ulivochubuka basi. Mnadani imekwenda kwa 430,000. Wamekata kamisheni yao asilimia 8, yani 34,400, usafiri nimelipa mie 10,000, mkononi imeingia 385,600. Hio ni zaidi ya laki juu ya bei ya duka.

Wenye maduka siwalaumu, na wao wanataka faida na mashine inaweza kuwakalia kabatini miezi. Lakini kuna jambo dukani hawalihesabu na mnadani linahesabiwa vizuri sana, nalo ni Windows. Microsoft wameacha kuihudumia Windows 10 tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele pamoja na TPM 2.0, yani kile kichipu cha usalama ndani ya mashine. Sasa EliteBook zilizojaa mitaani ni zile G3 na G4, vizazi vya 6 na 7, ukitaka kuzitia Windows 11 mpaka upite njia za panya. G5 yangu inapokea kwa njia ya halali kabisa. Dukani wananipa bei ya G3. Mnadani nimeliandika hilo mstari wa kwanza na ndo swali waloniuliza karibu wote, na nikawatia picha ya skrini inayoonesha Windows 11 imeingia na inapokea apdeti.

Namna mnada unavokwenda ni hivi, unaweka bei ya kuanzia, na ukitaka unaweka na bei ya chini ya siri, dau lisipofika hapo mzigo hauuzwi na hudaiwi kitu. Mnunuzi anaandika dau lake la mwisho kwa siri, halafu mtambo ndo unaompandishia kidogo kidogo kila akipitwa mpaka lifike hapo. Sku za mwanzo kimya, usivunjike moyo, watu wanaizunguka tu. Yangu ilifika jioni ya mwisho ikiwa 310,000, halafu dakika za mwisho wakaanza kupandishana. Kitu nilichokipenda sana, dau likiingia dakika za mwisho muda unaongezwa, kwahiyo hakuna mtu wa kuvizia sekunde ya mwisho akaondoka na mali kwa bei ya bure. Wawili wakakamatana pale mpaka 430,000, na mmoja wao ndo ameichukua, mwalimu wa Morogoro.

Picha jamani msizifanyie uvivu. Mnada wa samaki pale Malindi mnunuzi anamfunua samaki mashavu aone wekundu ndo anataja bei, mtandaoni hana cha kufunua, picha zako ndo mashavu yenyewe. Mie nimeupiga ule mchubuko kwa karibu kabisa, na kibodi, na matundu ya chaja, na skrini ikiwa nyeupe tupu ili aone hakuna doa. Betri usiandike "inakaa vizuri", hilo kila mtu anaandika na hakuna anoliamini. Fungua ile dirisha nyeusi ya amri (Command Prompt) uandike powercfg /batteryreport, inakutolea ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Yangu ilitoka na kama 50,000 mWh (kipimo cha umeme inaoshika betri), sasa inashika kama 39,000, yani asilimia 78, nikaiweka ripoti nzima. Tangu nilipoiweka hakuna tena aliyenambia nimpunguzie kwa sababu ya betri.

Kabla hujaifunga kwenye kifurushi, toka kwenye akaunti yako ya Microsoft, ondoa paswedi ya BIOS (ile inayoulizwa kabla Windows haijawaka) kama umewahi kuweka, mana HP hizi mnunuzi akiikuta paswedi hiyo ataitoa kwa tabu sana, halafu irudishe kama ilivotoka kiwandani ukichagua kufuta kila kitu pamoja na kusafisha diski. Picha za harusi na hati za nyumba za watu zinasafiri na laptopu za mtumba kila siku na inauma kwa kweli.

Kwenye usalama nawapa alama za juu. Anotaka kuweka dau lazima atangulize amana ya 20,000, kwahiyo wale wa kupandisha dau hewa halafu wakazima simu wamepungua. Pesa ya mnunuzi inakaa kwao mpaka athibitishe kapokea mzigo, na mie imeingia kwenye akaunti yangu ya benki ya PBZ kesho yake. Matapeli wapo lakini wanakuja pembeni, kuna mmoja kanitafuta WhatsApp ati atanilipa nusu milioni moja kwa moja, mara meseji ya malipo ikaingia, ukiitazama imetoka namba ya kawaida ya mtu. Meseji si pesa, fungua menyu uangalie salio lako.

Sasa nije kwenye linaloniudhi. Ukurasa wao umeandika kwa herufi kubwa kwamba usafiri ni bure nchi nzima. Nimejaza Mjini Magharibi, ule ubure ukapotea! Nimewapigia, dada wa huduma kwa wateja kazungumza vizuri, "samahani sana dada yangu, ofa ni kwa mikoa yenye mawakala wetu wa mabasi." Basi gani litakuja Unguja? Sisi tuna boti, na boti ya kasi inafika Dar kwa kama saa mbili, vifurushi vinakwenda kila siku, halijashindikana kitu hapo ila hawajakaa wakatufikiria. Muuzaji wa Mbeya, mbali kote kule, halipi hata shilingi, mie ninaevuka mkondo tu nalipa 10,000. Waseme Bara basi, wasiseme nchi nzima. Na ukituma kwa boti tia nakala ya risiti uliyonunulia ndani ya kifurushi, vitu vya umeme vinavyovuka huweza kuulizwa bandarini na mnunuzi hatojua cha kujibu.

Mwalimu wa watu alivoipata kanipigia, "Dada, mzigo umefika, ni kama ulivyoandika, hata ule mchubuko nimeukuta pale pale," nikamwambia inshaallah ikufae kaka. Mie nafurahi imekwenda skuli.

Kwa alioko mjini Unguja namwambia auze huko bila wasiwasi, kama mashine yake ni kizazi cha 8 kwenda mbele. Ya chini ya hapo kamisheni na usafiri vitakula tofauti yote, mpe fundi wa Darajani umalize. Kwa ndugu zangu wa Pemba ndo naona uzito, mana wanatoa sku tatu tu mzigo uwe umefika kwa wakala wao Dar, ukipitisha dau linafutwa, na mtu wa Wete au Konde mpaka asubiri boti, na boti za Pemba si nyingi kama za Unguja. Nimewaandikia wawape wauzaji wa Pemba wiki nzima. Wamejibu kwamba wamepokea maoni, na kwenye masharti yao bado zipo sku tatu.