Uzoefu wangu: kidude cha kupima ECG nyumbani baada ya ablesheni ya moyo

Kwa wenye haraka: nunua, kama una daktari au muuguzi wa kumtumia majibu. Kama huna, hela hiyo iweke kwenye dawa.

Kidude chenyewe ni chembamba, kinaingia kwenye pochi ya chenji. Kina sahani mbili ndogo za chuma. Vidole vya mkono wa kulia unaweka huku, vya kushoto kule, unatulia sekunde 30, na simu inachora mstari wa umeme wa moyo wako, ndiyo ECG yenyewe. Mdogo wangu alinibebea kutoka Marekani, ambako vya aina hii huanzia chini ya dola 100. Chapa siitaji, maana sijalipwa na mtu kutangaza wala sina ugomvi na mtu.

Mimi nilikuwa na mpapatiko wa atria, yaani vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kudunda, mapigo yanakwenda ovyo na kichwa kinakuwa chepesi. Dawa zilinisaidia kwa muda, kisha zikashindwa. Hapa hapa Dar wakanifanyia ablesheni: wakaniingiza katheta, yaani mrija mwembamba, kupitia mshipa wa kinena hadi moyoni, wakapenya ukuta mwembamba unaotenganisha vyumba viwili vya juu, daktari akachoma kwa joto kuzunguka midomo ya mishipa inayorudisha damu kutoka mapafuni. Vurugu mara nyingi huanzia huko. Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, ndio waliolionyesha hilo mwaka 1998. Kifua hakipasuliwi, kwa hiyo unarudi nyumbani na kiplasta tu, na kila anayekuja kukupa pole anakuona mzima kabisa.

Hapo ndipo shida ya kupona nyumbani inapoanzia. Karatasi niliyopewa hospitali ilisema nisinyanyue kitu kizito kwa wiki nzima, mwisho kilo 5 hivi. Sawa. Lakini aliyeiandika karatasi ile nadhani hajawahi kuishi Mbagala. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na kuchuchumaa ndiko kunakokunja kinena pale pale palipotobolewa. Ukijikamua, ndiyo zaidi. Muuguzi nilipompigia alicheka kidogo, akasema niweke kiti kilichotobolewa katikati, ninywe maji na kula papai ili choo kiwe laini. Binti yangu akampeleka fundi seremala kiti cha zamani, kikatobolewa siku hiyo hiyo. Nisiseme uongo, kiti kile kimenifaa kuliko kidude chenyewe, na hakuna mtu anayekiandikia maoni.

Sala niliswali kwenye kiti pia, maana rukuu na sujudu zilikuwa zinavuta. Bodaboda nilikataa kabisa hadi kidonda kilipofunga. Kupanda kwa kutanua paja kisha matuta ya njia yetu, hapana. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, kwa hiyo nguo za wateja wa harusi zilisubiri, na waliokasirika walikasirika. Kinena kilivilia damu, rangi ya zambarau ikashuka hadi katikati ya paja, kikabaki na kivimbe kidogo kigumu. Niliambiwa hiyo ni kawaida. Kisicho kawaida ni kivimbe kinachokua, au damu inayochuruzika. Ikitokea, lala chali, mtu akubonyeze kwa nguvu pale pale dakika 10 bila kuinua mkono kuchungulia, na isipokoma muende hospitali. Ukikohoa au kupiga chafya, shika mahali hapo kwa kiganja.

Turudi kwenye kidude. Kukitumia kunataka ustaarabu fulani. Mikono ikiwa mikavu hakisomi vizuri, kwa hiyo nalowesha vidole kwa maji kidogo. Mikono lazima ilale mezani. Ukiishikilia hewani, misuli inatetemeka na mstari unajaa manyoya. Simu isiwe kwenye chaja. Halafu hiki cha kwangu hakitumii Bluetooth. Kinapeleka habari kwa mlio mwembamba ambao sikio halisikii, simu inaunasa kwa maikrofoni yake. Maana yake nini kwa mtu wa Dar? Feni ikivuma karibu, au redio ya jirani ikipiga taarabu, mara nyingi napata ujumbe kwamba kipimo hakikusomeka. Umeme ukikatika, napata mstari safi kama wa kitabuni. Sikutegemea siku moja nitaishukuru giza.

Programu yake ni ya Kiingereza kitupu. Inatoa majibu mafupi: mapigo ya kawaida, uwezekano wa mpapatiko, mapigo ya kasi, mapigo ya polepole, au haijui. Hilo la mwisho linatisha bila sababu. Kwangu mara nyingi lilikuwa ni mkono kutikisika au vile vipigo vya ziada vinavyorukaruka baada ya moyo kuchomwa. Ninachokipenda ni kwamba mstari unahifadhiwa kama faili, nautuma WhatsApp kwa muuguzi wa kliniki, naye anajibu. Mara kadhaa simu yangu iliandika uwezekano wa mpapatiko, muuguzi akaangalia akaniambia mama, hivyo ni vipigo vya ziada, kunywa chai yako. Lakini usiku mmoja ulikuwa mpapatiko kweli, na kwa sababu nilikuwa na mstari wa usiku ule, daktari hakuhitaji kunikisia. Alinibadilishia dawa.

Wala hakusema ablesheni imeshindwa. Hili nalirudia kwa kila anayeniuliza: miezi 2 hadi 3 ya mwanzo haihesabiwi. Moyo umechomwa, umevimba, una hasira. Mpapatiko unaweza kurudi kisha ukapotea wenyewe makovu yakikomaa. Pia mapigo yangu ya kukaa tu yalipanda, kutoka 65 hivi hadi karibu 80, na yalikaa hivyo kwa muda. Nilipewa maelezo kwamba kuchoma kule kunagusa na neva ndogo zinazoupunguza moyo kasi. Bila maelezo hayo, kidude kingenitia wazimu, kwa sababu kila nikipima naona namba kubwa kuliko ya zamani.

Na kinakutia wazimu kweli, ukikiruhusu. Mwanzoni nilikuwa nakipima nikiamka, nikila, nikigombana na wifi. Moyo unaopimwa kila saa unakwenda mbio kwa sababu ya kupimwa. Muuguzi akanipangia: asubuhi, jioni, na pale tu ninapohisi kitu. Tangu hapo nikalala.

Kuna ambavyo hakioni, na hapa naomba usome polepole. Hakiwezi kukuambia kama una shambulio la moyo. Watengenezaji wenyewe wameandika hivyo. Kifua kikibana, usipoteze dakika kupima, nenda. Mwenye betri ya moyo aliyopandikizwa amuulize daktari kwanza, vingi havikutengenezwa kwa ajili yake. Hakioni damu kuganda wala kiharusi: mdomo kupinda, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito. Na hakioni hatari ile nadra inayoweza kuja hata wiki kadhaa baadaye, wakati umeshajisahau. Umio, yaani njia ya chakula kwenda tumboni, linapita nyuma kabisa ya moyo, na joto linaweza kulijeruhi. Ndiyo maana wengi hupewa dawa ya kupunguza asidi ya tumbo. Ukipata homa isiyoeleweka, maumivu ya kumeza au kutapika damu, usijitibu malaria dukani. Nenda hospitali, na kabla hawajakupitisha kamera ya koo, waambie kwa sauti kwamba ulifanyiwa ablesheni ya moyo.

Dawa ya kuzuia damu kuganda usiiache. Angalau miezi 2 kila mtu anaimeza, na wengine maisha yote, kutegemea hatari yao ya kiharusi, hata mstari wa simu ukiwa mzuri vipi. Shangazi yangu aliniletea chupa ya kitunguu saumu na tangawizi vilivyokamuliwa vikali, kwa mapenzi yote. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikaiweka kabatini, kwa sababu dawa yangu ya kuzuia damu kuganda haitaki kuchanganywa ovyo. Maumivu nikatumia paracetamol. Diklofenaki, ambayo sisi mafundi tunaimeza kama njugu kwa ajili ya mgongo, niliambiwa niiache kabisa kwa sababu pamoja na dawa ya kuzuia damu kuganda inaweza kukutoa damu tumboni.

Kero nyingine ni ya kijirani. Mtaa ukishajua una mashine ya moyo, sebule yako inakuwa kliniki. Walikuja na simu zao, na watoto, na mgeni kutoka Kilwa. Nikapima wawili watatu kwa aibu, kisha nikakataa, maana historia ya watu inachanganyika na ya kwangu na muuguzi anapokea mioyo ya mtaa mzima. Pia mtu akiona maandishi ya mapigo ya kawaida anaondoka akijua hana presha, na kile si kipima presha.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa lugha na kelele. Betri yake ni ile bapa ya mviringo, namba CR2016. Mafundi saa wa Kariakoo wanazo, ila mwambie akuonyeshe tarehe kwenye pakiti kabla hujalipa.